Mlinzi na Kitanda cha Fikirini

Nianze kwa kusema kwamba katika nchi yetu hakuna mtu aliyepotea. Hili lilitangazwa redioni mara tatu, na mara ya tatu mtangazaji alilisema polepole, ili hata wenye masikio mazito walielewe. Wapo watu ambao hawajaonekana nyumbani kwao tangu Jumanne, lakini hilo ni jambo jingine. Na Jumanne yenyewe imeshaondolewa kwenye kalenda. Ukitazama utaona: Jumatatu tarehe kumi na moja, kisha Jumatano tarehe kumi na tatu. Kati yake kuna mstari mweupe, mwembamba sana. Wachapishaji walifanya kazi safi.

Siku hiyo isiyokuwepo, watu wa mji wetu walibeba ndoo wakaenda Uwanja wa Shukrani kuuliza kwa nini mabomba yamekauka mwezi wa tano sasa. Zaidi ya hapo sijui. Ndoo zilirudishwa.

Serikali yetu ina huruma. Haukupita mwezi, Wizara ya Faraja, iliyo ghorofa ya pili, ilifungua tovuti ambamo ndugu angeandika jina la mtu wake na kuambiwa alipo. Mwezi huohuo Wizara ya Utulivu, iliyo ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo, iliweka kwenye kila kompyuta na kila simu nchini programu ya ulinzi iitwayo Mlinzi. Mlinzi ana viwango vitatu: Kinga Kidogo, Kinga ya Wastani na Kinga Kamili. Kwa kutupenda, Wizara ilituchagulia Kinga Kamili. Kinga hiyo humlinda mwananchi dhidi ya virusi, dhidi ya wezi wa mtandaoni, na dhidi ya ukurasa wowote wenye maneno ya kumtia simanzi. Maneno yenyewe ni mia nne na ni siri, lakini machache yanajulikana: maiti, kaburi, risasi, mama, wapi.

Siku ya uzinduzi wa tovuti, Mheshimiwa Waziri wa Faraja alikata utepe uliofungwa kuizunguka kompyuta kama zawadi ya harusi. Akabonyeza kitufe. Kwenye kioo yakatokea maandishi haya: "Mipangilio yako ya ulinzi haikuruhusu kutembelea tovuti hii. Ni kwa usalama wako. Usiogope."

Mheshimiwa akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Ndugu wananchi," akasema, "mmeona wenyewe? Mtu hajaingia hata mlangoni, keshakaribishwa na usalama, keshaambiwa asiogope. Nitajieni nchi nyingine inayopokea watu wake namna hii!"

Hakuna aliyeitaja. Tulipiga makofi, na bendi ya polisi ikapiga wimbo wa kuchangamsha.

*

Mimi niliajiriwa Dawati la Msaada, chini kabisa ya jengo hilo, kando ya ngazi. Nilipofanyiwa usaili sikuweza kupaza sauti, wajumbe wakalazimika kuinama ili wanisikie, na mwisho wakaandika kwamba ninafaa. Nilipewa kompyuta, benchi la wananchi, na kadi ngumu yenye majibu matatu. Jibu la kwanza ni "Pole kwa usumbufu." La pili ni "Tafadhali angalia mipangilio yako." La tatu ni "Je, kuna jambo jingine?" Kama kuna jambo jingine, unarudi jibu la kwanza.

Mlinzi pia huzungumza. Ana sauti ya mwanamke, laini, ya mtu anayemfunika mtoto shuka. "Usiogope," husema. "Niko hapa." Sauti ile ilirekodiwa na dada mmoja aliyekuwa akiendesha kipindi cha watoto redioni. Naye hajaonekana tangu Jumatatu usiku ilipoisha na Jumatano ilipoanza. Kwa hiyo kila kompyuta nchini ina sauti yake, na yeye hayupo. Mara nyingine ofisi ikiwa tupu kabisa husema yenyewe, bila mtu kugusa kitu: "Niko hapa." Fundi alisema ni vumbi.

Bi Mashavu alikuja siku ya tatu ya kazi yangu. Kazi yake ni kuwamba vitanda kwa kamba za mkonge, na vidole vyake vimechubuka kwa miaka arobaini ya kuvuta. Alikaa kwenye benchi kwanza, akapumua, ndipo akanigeukia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndiyo, mama. Pole kwa usumbufu."

"Hujanisumbua bado." Akaisogeza kanga begani. "Nina mwanangu, Fikirini. Alitoka Jumanne."

Nikatazama dari, kwa sababu tumeagizwa kutazama dari siku hiyo inapotajwa. Bi Mashavu naye akatazama dari kuona kuna nini.

"Haya," akasema, "alitoka ile siku iliyo kati ya Jumatatu na Jumatano. Na ndoo. Ndoo ninayo, yeye sina."

Hapa inanipasa nieleze desturi ya mji wetu, maana msomaji wa mbali hataelewa. Mtu wetu akifa, kitanda chake hutolewa nje siku ileile habari inapofika. Huegemezwa ukutani, miguu ikitazama barabara, kwa siku saba. Kila apitaye hugusa mguu mmoja na kutaja jina la marehemu. Hivyo marehemu naye hupata habari, huona hana pa kulala, huenda zake. Kitanda cha mtu aliye hai hakitolewi kamwe. Hilo ni sawa na kumwitia muuaji. Na kitanda cha aliyekufa kisipotolewa, mwenyewe hurudi kila siku saa yake ya kawaida, kwa sababu hajaambiwa.

"Fikirini alikuwa akirudi kutoka kazini saa kumi," Bi Mashavu akasema. "Mpaka leo, saa kumi nikiwa uani nasikia kamba zinalia. Mtu anakaa kwanza, halafu anajinyoosha. Kitanda nimekiwamba mimi, naijua kila kamba inavyolia. Nikiingia simkuti, ila shuka limebonyea. Mara najiambia kafa, mara najiambia ni upepo, yuko mahali kafungiwa, ana njaa, nami nataka kumtolea kitanda nje! Kwa hiyo sikutaka mengi. Niangalizie humo, uniambie moja tu. Nikitoe au nisikitoe?"

Niliandika jina. Mipangilio yako haikuruhusu. Niliipitia kadi yangu mbele na nyuma.

"Tafadhali angalia mipangilio yako," nikasema, na aibu ikanishika mpaka masikioni.

"Yangu?" Akajitazama kanga, akatazama ndala. "Mwanangu, mimi nimekuja hivihivi."

*

Nilipanda kwa Mkurugenzi. Bwana Kirobo ni mtu wa suti ya kijivu, na huwa hasemi "mimi," husema "Serikali." Serikali imekwenda kula. Serikali inaumwa jino.

"Kinga inaweza kulegezwa," akasema. "Serikali si jiwe. Ipo Fomu Namba Tisa. Mwombaji ajaze, na mwenye taarifa atie saini ya ridhaa."

"Mwenye taarifa ni nani, Mkurugenzi?"

"Ni huyo anayetafutwa. Habari ni zake. Serikali haiwezi kumwanika mtu bila yeye kukubali, huo utakuwa ushenzi."

"Na kama hayupo?"

Bwana Kirobo akanitazama kwa upole wa mwalimu wa chekechea. "Kama hayupo, aandike hivyo kwenye sehemu ya maoni."

Nilishuka nikamweleza Bi Mashavu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani aje mwenyewe aseme kwamba hawezi kuja?"

"Ndiyo, mama."

"Na ninyi mmesoma?"

"Ndiyo, mama."

Akaikunja fomu mara nne, akaipachika kwenye pindo la kanga. "Haya. Nitampelekea."

Kesho yake alirudi. Alikuwa ameiweka fomu kitandani pamoja na kalamu, kabla ya saa kumi, akaufunga mlango. Alipoingia baada ya kamba kunyamaza, aliikuta kama alivyoniletea. Ilikuwa na unyevu, kama karatasi iliyolazwa juu ya nyasi za asubuhi. Na ilikuwa na saini, F kubwa yenye mkia uliopita chini ya jina lote.

"Nani ametia, mama?"

"Mimi sijui hata kushika kalamu." Akanionyesha vidole vyake. "Na hapa chini pameandikwa nini?"

Palikuwa sehemu ya maoni. Palikuwa na maneno mawili: *Nina kiu.*

"Tarehe," nikamwambia. Ndiyo, nilimdanganya. Alikuwa akinitazama mdomo, sikuweza kumwambia.

*

Saini ilipelekwa kwa wataalamu, ikalinganishwa na ile ya kitambulisho, ikaonekana ni ya mtu yuleyule. Bwana Kirobo alishuka ngazi mwenyewe kuleta habari njema. Ombi la Bi Mashavu lilikuwa limekataliwa.

"Limekataliwa kwa nini?" Bi Mashavu akauliza.

"Kwa sababu mwanao amepatikana! Mtu aliyetia saini yupo. Aliyepo hakupotea. Asiyepotea hatafutwi. Hongera sana."

Akagonga mhuri kwenye fomu, AMEPATIKANA, kwa wino wa bluu. Bi Mashavu akauliza kama mhuri ule unamaanisha akitoe kitanda au asikitoe. Bwana Kirobo akasema masuala ya samani yako Wizara ya Makazi.

Mheshimiwa Waziri alipoambiwa, aliona mbali zaidi. Fomu Namba Tisa zikasambazwa kwa kila nyumba iliyokuwa na kitanda kisicholaliwa, pamoja na kalamu zenye nembo ya Taifa. Maelekezo yalikuwa mafupi: weka kitandani, funga mlango, subiri. Wiki moja baadaye fomu mia tatu arobaini na moja zilikuwa zimerudi, zote zimetiwa saini. Mheshimiwa akahutubia taifa. Alisema hawa waliokuwa wakisingiziwa kupotea sasa wamejitokeza kwa maandishi. Alisema ni raia wa mfano, kwa kuwa hakuna hata mmoja kati yao aliyelalamika tangu lile tukio ambalo halikutokea. Kila mmoja akatunukiwa cheti. Vyeti vililetwa nyumbani, vikawekwa vitandani.

Fomu zenyewe zililetwa kwangu nizipange. Sehemu ya maoni ilikuwa haijasomwa, kwa maana maoni husomwa mwisho wa mwaka wa Serikali. Nilizisoma mimi. Miandiko ilikuwa tofauti, ya watu wazima, ya wanafunzi, mmoja ulikuwa wa mtu aliyezoea kuandika kwa kushoto. Maneno yalikuwa yaleyale mawili. Karatasi hazikukauka hata nilipozianika chini ya feni, na zulia la ofisi likaanza kuota ukungu.

Bi Mashavu aliendelea kuja. Hakuuliza tena. Alikaa kwenye benchi akisokota kamba, na ilipofika saa tisa aliinuka, akasema, "Naenda, asije akakuta nyumba tupu."

*

Siku moja, saa tisa hivi za mchana, tulikuwa wawili tu pale chini. Sikuwa nimegusa kompyuta. Sauti ya yule dada wa redio ikatoka, laini kama siku zote.

"Usiogope," ikasema. "Niko hapa."

Kisha, kwa sauti ileile, lakini kama mtu aliyeamka chumba asichokijua:

"Niko wapi?"

Bi Mashavu akaacha kusokota.

Msomaji atakumbuka kwamba "wapi" ni miongoni mwa maneno mia nne. Kioo kikawa chekundu. Pakatokea maandishi: "Mlinzi amegundua programu iliyotumia neno lililozuiwa. Jina la programu: Mlinzi. Je, ungependa kuizima? Inapendekezwa: NDIYO."

Katika mafunzo yetu tulifundishwa jambo moja kwa mkazo, kwamba mtumishi asibishane na Mlinzi. Anachopendekeza, fanya. Mimi nilitii tu. Nikabonyeza NDIYO.

Tovuti ya Faraja ikafunguka. Haikuwa na mapambo. Ilikuwa ukurasa mweupe, wenye nafasi ya kuandika jina, na chini kabisa kwa maandishi madogo: "Waliotembelea ukurasa huu: 1." Aliyetembelea ni mimi.

Niliandika Fikirini Mbwana Shelali. Jibu lilikuja upesi, kana kwamba lilikuwa limekaa mlangoni likisubiri. Jina. Miaka ishirini na mitatu. Jumanne, neno ambalo sikuwa nimeliona limeandikwa kwa miezi minne. Saa tano asubuhi, Uwanja wa Shukrani, upande wa mabomba. Namba mia moja na saba. Shamba la Serikali, mstari wa nne. Walikuwa wameandika kila kitu. Hakuna walichoficha. Watu wa ghorofa ya pili ni watu waangalifu, na ninaamini walitaka kweli tujue.

Bi Mashavu hakuangalia kioo. Aliniangalia mimi.

"Sema, mwanangu."

Kadi yangu ilikuwa mezani. Niliilaza kifudifudi.

"Kitoe, mama."

Hakulia. Alikunja kamba yake vizuri, akaiweka kwenye kikapu. "Saa ngapi?"

"Saa tisa na robo."

"Basi tunamuwahi," akasema. "Wewe shika upande wa miguu."

*

Hatukumuwahi. Kwao ni mbali, na Bi Mashavu goti linamsumbua. Tulipofika uani tulisikia kamba zikilia, kama alivyonieleza: mtu anakaa, halafu anajinyoosha. Mlango ulikuwa wazi. Chumbani kulikuwa na kitanda, shuka la maua limebonyea katikati, cheti cha raia wa mfano kimeanguka sakafuni.

Tulishika, yeye kichwani, mimi miguuni. Tukavuta pumzi, tukanyanyua. Hakikunyanyuka. Kilikuwa kitanda cha mti mwepesi ambacho watoto wawili wangekibeba, na hakikuachana na sakafu.

"Mama," nikasema, "ile siku nilikudanganya. Pale chini hapakuwa na tarehe."

"Nilijua. Paliandikwa nini?"

"Nina kiu."

Bi Mashavu akaachia kitanda. Akaenda pembeni kwenye mtungi, ule uliojazwa kwa maji ya kutekwa mbali na ambao ulikuwa umebaki na vikombe vichache tu, akateka kata moja. Akaimimina polepole juu ya kamba, pale kichwa kinapolala. Maji hayakudondoka sakafuni. Niliinama kutazama, sakafu ilikuwa kavu.

"Haya, baba," akasema. "Umekunywa. Sasa shuka, tukutolee kitanda. Habari tumeipata."

Tukashika tena. Kilinyanyuka kama kikapu kitupu.

Tulikiegemeza ukutani, miguu ikitazama barabara. Bi Mashavu akagusa mguu mmoja, akataja jina lake. Nami nikataja. Ndipo alipolia, na majirani wakatoka.

*

Kesho yake, nilipofika kazini, foleni ilitoka kwenye dawati langu mpaka getini. Kila mmoja aliinama akaninong'oneza jina, nami nikamnong'oneza jibu, na kwa kuwa sauti yangu haisikiki, hakuna aliyesikia la mwenzake. Ile namba ndogo chini ya ukurasa ikapanda. Baada ya siku tatu hapakuwa na mtaa usio na kitanda nje. Vilikuwepo vya mbao, vya kamba, kimoja cha mtoto chenye kingo.

Wizara ya Afya ikatoa tamko kuwapongeza wananchi kwa kuitikia kwa wingi vita dhidi ya kunguni. Wakaguzi walitumwa wakiwa na mabomba ya dawa kupulizia vitanda. Niliwaona wawili wao wakipuliza huku wamegusa mguu wa kitanda, midomo ikichezacheza.

Siku ya nne Bwana Kirobo alishuka na barua yangu. Alinisomea akiwa amesimama. Nilikuwa nimesimamishwa kazi kwa kosa la kutii mashine bila kibali cha maandishi. Mlinzi angewashwa tena jioni ileile, safari hii akiwa na sauti mpya, ya mwanamume.

Alipomaliza kusoma hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la wananchi. Sikuwahi kumwona amekaa pale.

"Siwema."

"Abee, Mkurugenzi."

"Kabla hujaizima hiyo. Hebu niangalizie jina moja." Akatazama ngazi, kisha dari, kisha viatu vyake. "Nasoro Kirobo. Mdogo wangu wa mwisho. Nilimwambia asiende. Akachukua ndoo ya nyumbani kwangu akaenda."

"Fomu uliiweka?"

"Niliiweka. Ya kwanza kurudi baada ya ya yule mama. Maoni niliyasoma, Siwema. Mimi niliyasoma kabla yako."

Alisema "mimi." Niliandika jina. Ukurasa ukafunguka, nikausoma wote, kisha nikainama nikamnong'oneza, kama nilivyowanong'oneza wengine. Akatikisa kichwa taratibu, akaikunja barua yangu vipande vidogo, vidogo zaidi, mpaka haikukunjika tena.

"Kitanda chake ni cha chuma," akasema. "Peke yangu sitakiweza."

"Nyumbani kuna maji, Mkurugenzi?"

Akafikiri. "Hakuna."

Nilikuwa na chupa yangu ya maji mezani, nusu. Niliifunga kizibo, nikachukua mkoba, tukatoka.